Siku Niliyompoteza Dereva

Nyumba ya bibi yangu pale Temeke imevunjwa wiki iliyopita. Sikwenda kuitazama ikivunjwa. Nilikwenda kesho yake, nikakuta vumbi, mabati yamepangwa ubavuni, na mjukuu wangu ameshika kitu kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya.

"Bibi, hii mbuzi ya nazi imekwisha. Halafu mbona ina rangi ya gari? Niitupe?"

Nikamwambia, "Jaribu uone."

Nimeipakata mapajani mpaka huku Tabata, na sasa iko chini ya meza ninapoandikia. Ni kibao kifupi kinene chenye miguu minne, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Kibao ni cha kijani, kijani kilekile cha malori ya zamani, na ubavuni zimebaki tarakimu mbili nyeupe, nne na saba. Mtu asiyejua habari yake atadhani fundi alikosa mbao. Mie najua habari yake, na nimeshakaa nayo muda mrefu mno bila kuisema.

Mie si mwandishi. Shule yangu ni darasa la nne na chuo cha Kurani, na daftari hili nilianza kuliandika baada ya kufiwa na mume wangu, kwa kuwa nilikosa mtu wa kumsimulia mambo ya kutwa. Basi wewe unayesoma nakuchukulia kama shoga yangu wa mtaani, tumekaa barazani tunachambua mchele. Nitajitahidi nisimwonee mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya kulipiza kisasi, na kisasi ni changu mwenyewe, na mtu anayesimulia kisasi chake ni vizuri aangaliwe kwa jicho la pembeni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Baba yangu alipata kazi ya kupika katika kambi ya machimbo huko kusini, nchi ya tatu ukihesabu unavyopita. Pale Temeke watu walipaita ng'ambo, kwa sababu ilibidi uonyeshe karatasi mpakani. Tulikwenda mie nina miaka sita. Mama alibeba kanga zake, sufuria mbili na mbuzi yake ya nazi aliyopewa na bibi siku ya kuolewa. Baba alimwambia huko hakuna mnazi hata mmoja. Mama akasema, "Nazi zisipokuwepo nitaikalia."

Na kweli aliikalia. Miaka mitatu sikumbuki kumwona akikuna nazi. Alikaa juu ya kile kibao akikoka moto wa asubuhi, akanisuka nywele nimejibana katikati ya magoti yake, na chuma kile akakifunga kitambaa kisitukwaruze. Akianza kuzungumza habari za wali wa kwao alikuwa akikipapasa kile kibao kwa kiganja bila kujua. Harufu ya nazi ilikuwa imeingia ndani ya mti. Ukiweka pua karibu na ule ulimi wa chuma ulikuwa unaipata, hafifu, kama imekaa chumba cha pili.

Mama alikufa huko huko, kwa homa ya siku nne. Mkataba wa baba ulikuwa haujaisha na hawakumpa ruhusa. Alipeleka simu ya maandishi Dar es Salaam, bibi akapata habari, ikapangwa arobaini isomwe Temeke nami niwepo. Baba akatafuta lori. Dereva mmoja alikuwa anapeleka mashine kuukuu bandarini, na jirani yetu wa kambini, mama wa Kiluguru, alikuwa anarudi kwao Morogoro. Baba akanikabidhi kwa hao wawili. Kwenye fuko langu aliweka nguo, kanga ya mama, na ile mbuzi. Akaniambia nimpelekee bibi mkononi. Mie nilikuwa na kitu changu kimoja, uzi mnene wa gunia ambao nilifunga fundo moja kila asubuhi tangu mama alipozikwa. Fundo la arobaini ndilo la kufika.

Sasa huyu dereva. Lazima niseme ukweli wake wote. Alikuwa mtu mrefu, Mnyamwezi, mwenye kofia ya pama ya kaki na sauti ya kuimba vibaya. Hakunywa. Hakunigusa wala kunitukana. Usiku alilala chini ya lori ili mimi na mama wa Kiluguru tulale ndani. Kila tulipopata embe alinipa lile kubwa. Kama ningeulizwa siku ya sita ya safari ningesema ni mtu mwema, na sijui kama leo nina haki ya kusema vingine.

Lakini tulipopita Mbeya kukawa na mvua na baridi ambayo mie sikuwahi kuijua. Lori liliharibika mlimani. Asubuhi moja niliamka meno yanagongana, mwili unawaka. Mama wa Kiluguru alikuwa amekwenda kutafuta maji. Nikasikia moto unalia, nikasikia harufu, na akili yangu ya homa ikaniambia nipo Temeke, bibi anapika wali. Dereva akaja na kopo la uji wa moto. Nilikunywa wote. Nikaomba mwingine, nikanywa na huo.

Kisha akasema, anacheka, amefurahi kama mtoto, "Kuni zote zimelowa, mama. Bahati nimekuta kile kigoda chenu kibovu. Kimewaka kama mafuta!"

Chuma kilikuwa ndani ya majivu, kimekuwa cheusi.

Nilipiga kelele mpaka mama wa Kiluguru akaangusha ndoo. Yeye ndiye aliyemweleza dereva kwamba kitu kile kilikuwa cha marehemu. Dereva akavua kofia, akasema samahani, akasema tena samahani. Lakini nilimsikia akimwuliza pembeni, kwa sauti ya chini, "Kilikuwa cha nini hasa, kile?" Mama wa Kiluguru akamjibu, "Cha kukalia." Naye kwao ni milimani, alijua tu mama alivyokitumia kule kambini.

Hakujua. Naandika kwa wino: dereva hakujua. Alizaliwa bara, akakulia machimboni, nazi aliijua kwa jina. Aliona kigoda chenye chuma mbele kinachochoma watu mapaja, akasema fundi wake alikosea. Na aliwasha moto ule kwa ajili yangu. Haya yote niliyafahamu hata siku ile, na hayakunisaidia chochote. Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba uji ulikuwa mtamu.

Tangu hapo nilimchukia kwa bidii. Niliugua siku kadhaa, na nilipopata nafuu nilikuwa na kazi moja tu, kupanga. Nilipanga kumtilia mchanga kwenye chai, nikaona ni mdogo mno. Nilipanga kumtupia kiatu mtoni. Nilipanga nikifika nimwambie bibi amwite mwalimu wa chuo asomewe halbadiri, avimbe tumbo, na nikiwa nimelala juu ya magunia nilijaribu kumwona dereva na tumbo limevimba, nikapata usingizi mzuri. Chuma cha mama nilikifunga ndani ya kanga yake nikakilalia. Kila asubuhi nilifunga fundo langu. Dereva alinisalimu, "Umeamkaje mama?" Mie nikageuza uso. Akaendelea kunisalimu. Hilo nalo niliona ni ujeuri.

Morogoro mama wa Kiluguru akashuka. Alinikumbatia, akamwambia dereva, "Mtunze mtoto wa watu," akaniambia nami, "Na wewe mtunze dereva wa watu." Nilikumbuka maneno hayo baadaye, yamechelewa.

Siku ya mwisho tulitoka Morogoro alfajiri. Nilifunga fundo, nikahesabu, thelathini na nane. Kwa hesabu yangu siku mbili zilikuwa bado. Dereva alisema, "Leo lazima tufike mapema, mama. Alasiri isitukute njiani." Nilidhani ana haraka ya tajiri wake na zile mashine. Nikafurahi kujua kwamba ana haraka, kwa sababu mtu mwenye haraka ndiye anayeumia akicheleweshwa.

Msomaji, sijui nikuelezeje barabara ile. Ardhi nyekundu ikawa ya kahawia, ya kahawia ikawa nyeupe. Tukavuka Ruvu. Upepo ukaingia dirishani wenye chumvi, na minazi ikaanza, mmoja, miwili, halafu mingi mpaka mbingu ikawa na mistari. Nilikuwa sijaiona kwa miaka mitatu. Wanawake walikuwa wanauza mihogo ya kuchoma kando ya njia, wamevaa kanga kama za mama, wanaitana kwa ile sauti ya kuvuta ya kwetu. Nililia, nikafuta machozi haraka dereva asije akanihurumia.

Tulipofika Magomeni, saa nne kasoro, akasimamisha lori. Akapangusa jasho. Hakuwahi kufika Dar es Salaam maishani mwake. Safari zake zote zilikuwa zinaishia Iringa, na hii alipewa kwa kuwa mwenzake aliugua.

"Haya, mwenyeji," akasema. "Mji wako huu. Temeke ni wapi?"

Nilijua. Nilikuwa na miaka tisa, lakini njia ya Temeke niliijua kama ninavyojua upande wa mkono wa kula: unapita Ilala, unakwenda Buguruni, unafuata njia mpaka kwetu. Nilitazama uso wake, umejaa vumbi, unaningoja. Halbadiri ikaniondoka kichwani, sikuihitaji tena. Nikanyoosha mkono kushoto, kuelekea Kinondoni.

"Huko," nikasema. "Moja kwa moja."

Nasikia nilicheka. Sikumbuki, ila dereva alisema baadaye kwamba nilicheka.

Kinondoni ya wakati ule usiifananishe na hii ya leo. Nyumba za udongo na makuti zilikuwa chache, katikati yake mashamba ya minazi na mikorosho, na njia za mchanga zinazogawanyika kila baada ya hatua kumi. Nilimwambia kulia, akakata kulia. Nilimwambia kushoto, akakata kushoto. Alikuwa anaimba. Mara moja alitazama jua, akakatiza wimbo, akanitazama na mie, kisha akaendelea kuendesha. Hapo pananisumbua mpaka leo, nitaparudia.

Tulifika bonde la Mkwajuni. Mbele yetu majaruba ya mpunga, kijani kibichi, na njia inayopita pembeni yake ilikuwa ya watu wa miguu. Nikamwambia, "Pita hapo, nyumba ya bibi ni ng'ambo ile." Alishuka, akakanyaga ardhi kwa kisigino, akarudi, akapita. Lori likaenda kiasi cha urefu wake mwenyewe, likainama upande mmoja taratibu, kama ng'ombe anayelala, likatulia.

Watu wakatokea. Wanaume wa shambani, wanawake na majembe, watoto. Mwanamume mmoja aliyeshika upembo wa kuangulia nazi alizunguka lori zima kabla ya kusema kitu.

"We bwana, unalima mpunga kwa lori?"

"Natafuta Temeke," dereva akasema.

Hawakucheka mara moja. Waliangaliana kwanza. Kisha wakacheka wakashikana mabega. "Temeke! Jamani, anatafuta Temeke huku! Ungeendelea kidogo ungefika Bagamoyo!"

Mie nilikaa juu kwenye kiti cha mbele. Mwangua nazi alinipa dafu, akanikatia na kijiko cha ganda lake, nikawa nakula ile nyama laini huku namtazama dereva akichimba matope kwa sahani ya chuma. Suruali imejaa tope mpaka mapajani. Wamekata matawi ya mnazi wakayapanga chini ya magurudumu, wanasukuma, "Haya, tia nguvu! Tia nguvu!" na lori linanguruma linarudi palepale. Nilihesabu kila alipoteleza. Aliteleza mara tano, na mara moja kifudifudi. Mara ile ya kifudifudi niliomba Mungu amweke mama mahali pema, nikaona kama mie na yeye tumemwonyesha dereva pamoja.

Adhana ya adhuhuri ikapita. Baada ya muda mrefu, ikaja ya alasiri. Dereva alipoisikia aliacha kusukuma. Akakaa chini, ndani ya tope, akaweka mikono yote miwili kichwani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Wale wanaume wakamwambia, "Simama bwana, limeshaanza kutoka." Mie nikasema moyoni, amechoka, na bado.

Lori lilitoka. Yule mwangua nazi akapanda nasi kutuonyesha njia, na mie nikanyamaza kimya kama nami ni mgeni.

Tuliingia Temeke jua limelala juu ya mapaa. Nilijua nyumba kwa ule ukuta wa mbele wenye ufa. Nilitegemea kumkuta bibi uani peke yake. Badala yake nilikuta majamvi yanakunjwa. Kulikuwa na harufu ya udi na ya wali wa nazi ulioisha. Masufuria makubwa yamelazwa ubavu na watoto wanagombea ukoko. Wanaume wa mwisho walikuwa wanavaa viatu.

Bibi alitoka mlangoni na ushungi kichwani. Nikasema, "Shikamoo bibi." Alinikamata, akanibana mpaka chuma kilichokuwa ndani ya kanga kikanichoma ubavuni. Kisha akasema kwenye nywele zangu, "Umechelewa, mjukuu wangu. Tumekungoja mpaka mwalimu wa chuo akasema haifai kungoja zaidi. Tumeshamsomea mama yako."

Nikasema, "Bado siku mbili."

"Ni leo, mwanangu. Leo ndiyo arobaini."

Nilielewa vipande vipande. Siku za homa, ambazo hazikupata fundo. Uzi. Dereva kukaa matopeni. Sikulia. Nilihisi kama nimemeza kile chuma.

Watu wakamgeukia dereva, amesimama langoni mwa ua, tope limeanza kukauka juu yake. Jirani wa bibi, mwanamke mmoja mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu, akamwendea.

"Wewe ndiye uliyetuchelewesha na mtoto? Mtu wa wapi wewe?"

"Mnyamwezi, mama. Wa Tabora."

Jirani akapiga makofi. "Mnyamwezi! Jamani, mtani! Mungu katuletea mtani wetu mpaka mlangoni!"

Vijana wa siku hizi hawajui utani, basi niseme. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, kukuvua kofia, kukuzuilia chombo chako mpaka ujikomboe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Na hakuna mahali utani unapokuwa mkali kama kwenye shughuli ya maiti.

Kofia ya kaki ilikuwa imeshahamia kichwani mwa jirani. "Babu yako alitembea kwa miguu toka Tabora mpaka pwani na pembe ya ndovu begani, hakupotea! Wewe una magurudumu, una taa mbili kama macho ya bundi, umepotea Magomeni!"

Wanawake wakacheka, wengine bado macho mekundu ya kulia. Dereva alisimama palepale, ameinamisha kichwa. Kisha akasema, pole pole, "Babu yangu hakupotea, mama, kwa sababu hakuongozwa na Mzaramo."

Ua mzima ukaangua kicheko. Wakampiga mabega, wakasema huyu mtani kweli, ana ulimi. Watu wawili tu hawakucheka. Mmoja ni mie. Wa pili ni bibi, ambaye aliinua macho kutoka kwa dereva, akayaleta polepole kwangu, akayaacha hapo.

Ningesema wakati ule. Niliweza kusema. Badala yake, na hili ndilo linalonitia haya kuliko tope la Mkwajuni, nilifungua kanga ya mama nikatoa kile chuma cheusi. Nikakiinua watu wote wakione. "Aliichoma mbuzi ya mama. Aliichoma akapikia uji."

Bibi alikipokea. Akapitisha kidole kwenye meno yake, akakikuta kile kipengo alichokijua. Dereva alitazama zile nazi zilizobaki pembeni, akautazama uteo wenye machicha, akaitazama mbuzi ya jirani iliyolazwa ukutani na ulimi wake wa chuma. Ndipo alipofahamu. Niliona kabisa uso wake ukifahamu.

"Mama," akamwambia bibi, "nilidhani kigoda kibovu. Nilisema fundi amesahau msumari."

"Msumari!" jirani akapiga yowe. "Jamani, hajawahi kuona mbuzi! Mtu mzima hajui wali unatoka wapi!"

Bibi hakupandisha sauti. Akasema, "Mtani, kaa chini." Wakafunga kile chuma kwenye gogo la kuni kwa kamba, wakamwekea dereva nazi mbili zilizopasuliwa, wakamwambia akune mpaka ziishe. Mwanamume, tena mbele ya wanaume wenzake, amekaa tako moja juu ya gogo linalobiringika, anakuna nazi kama mwali anayefundwa. Hakujua kuzungusha mkono. Chuma kikamchana vidole, machicha yakaingia wekundu. Wanawake wakahesabu kila alipojichana, kwa sauti, kama mie nilivyohesabu kule bondeni kimoyomoyo.

Nilifurahi. Ninaandika nilifurahi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na daftari hili likianza kusema uongo sina haja nalo. Nilifurahi mpaka nazi ya kwanza ilipokwisha. Alipochukua ya pili, hakuna aliyekuwa anamlazimisha tena, watu walishachoka kucheka, jirani alishamrudishia kofia. Akaikuna yote mwenyewe, taratibu, huku ananusa vidole vyake.

Baadaye, ndani, bibi alinivua nguo za safari. Akauona uzi shingoni. Hakuuliza. Akaupitisha vidoleni akihesabu kwa midomo, fundo moja moja, mpaka mwisho. Akahesabu tena. Kisha akausokota akauweka kwenye kikopo cha wanja, akasema, "Kwa hiyo hukujua siku."

Nikasema, "Sikujua siku."

"Lakini njia uliijua."

Hakuniuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Dereva aliondoka kesho yake asubuhi. Kabla ya kuondoka tulisikia nyundo nje. Alikuwa amebandua ubao mmoja mnene wa ubavu wa lori la tajiri wake, ubao wa kijani wenye namba, akaukata, akaupa miguu minne mifupi, akakipigilia chuma cha mama mbele. Hakuwa seremala. Mguu mmoja ni mfupi, mbuzi yenyewe inayumba mpaka leo. Sijui alimwambia nini tajiri wake kuhusu lile pengo ubavuni. Akampa bibi, akasema shikamoo, akapanda. Mie nilikuwa nimesimama kizingitini. Akainama dirishani.

"Mzaramo," akasema, "umecheka pale Magomeni. Mara ya kwanza tangu Mbeya. Haya, tumelipana."

Akaondoka. Sikumwona tena.

Tumelipana. Miaka yote hii napima maneno hayo. Mtu aliyevuka nchi tatu kwa kutazama jua hawezi kutojua kwamba anakwenda siko. Alitazama jua, akanitazama mie, akaendelea. Huenda alijua, akaniachia nilipize, akidhani ni kidogo tu, tutageuka. Huenda hakujua mpaka kwenye tope. Sina ushahidi, na sitaki kumpa wema asiokuwa nao wala kumnyang'anya aliokuwa nao. Ninachojua ni kwamba yeye alinichomea ubao, na mie nilimchomea neno alilompa baba yangu, la kunifikisha kabla ya arobaini kusomwa. Na arobaini ya mama yangu nilikuwa Mkwajuni nakula dafu.

Bibi naye alinilipa kwa namna yake. Tangu mwaka ule, kila palipokuwa na hitima au arobaini mtaani kwetu, na watu wakiulizana nani atakuna nazi, bibi alikuwa anasema, "Mpeni huyo. Huyo hachelewi." Nimekuna nazi za marehemu wa Temeke nzima juu ya kibao kile kinachoyumba. Mikono yangu ina makovu. Watu walidhani ananisifia.

Sasa bibi hayupo, na jirani yake hayupo. Bonde la Mkwajuni limejaa nyumba, hakuna jaruba. Nazi zinakunwa kwa mashine sokoni, au zinauzwa tui ndani ya pakiti. Mnyamwezi ukimvua kofia leo atakuitia polisi, na huenda yuko sawa, sijui. Kitu kimoja nakikosa hasa: siku hizi hakuna uwanja ambapo mtu anaweza kukwambia ukweli wako mbele ya watu mia, wote wakacheka, na ni wewe peke yako uliyesikia.

Jana nilimwomba mwalimu wa chuo wa hapa Tabata aje Ijumaa kumsomea mama. Akauliza marehemu ana siku ngapi. Nilimtajia miaka, akasema, "Tutakuja, mama."

Leo asubuhi nimemwita mjukuu wangu nikamwambia akae juu ya ile mbuzi ya kijani aniandalie nazi tatu za kujaribia. Alilalamika kwamba inayumba. Akazungusha mkono vibaya, akajichana kidole, akaninyanyulia macho akitegemea nimwambie aache.

Nikamwambia aendelee, tusije tukachelewa.